Jua la Garissa, Maji ya Tana, Dizeli ya Mandera

Saa sita mchana, kwenye uwanda wa Raya nje kidogo ya mji wa Garissa, paneli 206,272 huwa zimeelekea jua safu baada ya safu. Eneo lote ni hekta 85. Kila paneli imeundwa kutoa wati 265, na zote kwa pamoja zinakaribia megawati 55, na kati ya hizo megawati 50 hivi ndizo zinazoweza kuingia kwenye gridi ya taifa. Kituo hiki cha shirika la serikali la umeme vijijini, REREC, kilizinduliwa Desemba 2019, na kilipofunguliwa kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya sola katika Afrika Mashariki na ya Kati.

Ukitoka hapo ukaelekea kaskazini, kupitia Wajir hadi Mandera, jua halipungui. Kinachobadilika ni mlio. Wajir, Mandera, Elwak, Takaba, Rhamu na Eldas haziko kwenye gridi ya taifa. Stima yake kwa miaka mingi imetegemea jenereta za dizeli, na dizeli hiyo hubebwa na malori. Mandera iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi kwa barabara.

Jua ni lile lile na ardhi ni ile ile, lakini upande mmoja unauza umeme wa jua kwa taifa na upande wa pili unachoma mafuta yaliyotoka mbali. Wengi huuliza chanzo kipi cha umeme ni bora. Swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza mengine manne: umeme huo unapatikana saa ngapi, unasafiri umbali gani, yuniti yake inagharimu nini, na madhara yake anayabeba nani. Kaskazini Mashariki ni mahali pazuri pa kuyajibia maswali haya, kwa sababu karibu kila aina ya umeme wa Kenya inapita hapa, au inapita jirani.

Njia mbili za kupata stima

Mwaka 1831 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba ukisogeza sumaku karibu na waya uliozungushwa, mkondo wa umeme unapita ndani ya waya. Karibu kila kituo cha umeme duniani bado kinatumia ugunduzi huo. Maji ya bwawa, mvuke wa ardhini, upepo, makaa ya mawe, dizeli, hata nyuklia, vyote vina kazi moja tu: kuzungusha mhimili wenye sumaku. Tofauti iko kwenye kinachousukuma mhimili.

Paneli ya sola imeiacha njia hiyo kabisa. Haina kinachozunguka. Mwanga unapogonga bamba jembamba la silikoni, unaziamsha elektroni na kuzisukuma upande mmoja, na huo mwendo wa elektroni ndio umeme wenyewe. Kwa kuwa hakuna kinachosagana, paneli nzuri inaweza kufanya kazi miaka 25 na zaidi, na nguvu zake zinapungua polepole sana.

Lakini paneli inahitaji mwanga, haihitaji joto, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kiwanda hupima paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Garissa mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, na paneli yenyewe, ikiwa imekaa juani tangu asubuhi, hufika nyuzi 60 au zaidi. Ukiigusa kwa nyuma saa nane mchana, kiganja hakivumilii. Paneli za kawaida za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Ikifika nyuzi 60, imepoteza kama asilimia 14. Ile ya wati 265 imekuwa ya wati 228.

Ndiyo maana anayefunga sola nyumbani hapaswi kuilaza paneli juu ya bati moja kwa moja. Iinuliwe kidogo ili upepo upite chini yake. Na ioshwe asubuhi na mapema, kwa sababu vumbi la kiangazi huzuia mwanga, na maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua la mchana yanaweza kukipasua.

Mahesabu ya siku nzima

Kituo cha Garissa kilikadiriwa kutoa takriban yuniti milioni 76 kwa mwaka, yuniti moja ikiwa ni kilowati moja kwa muda wa saa moja, ile ile unayoinunua kwa tokeni. Gawanya kwa siku 365 upate kama yuniti 210,000 kwa siku. Nyumba inayowasha taa, televisheni na kuchaji simu inaweza kutosheka na yuniti moja kwa siku, kwa hiyo umeme huo unatosha nyumba za namna hiyo zipatazo 210,000.

Sasa fanya hesabu nyingine. Kama megawati 50 zingetoka saa zote 24, tungepata yuniti 1,200,000 kila siku. Kituo kinatoa kama asilimia 17 ya kiasi hicho. Mitambo ya Garissa haina kasoro. Usiku upo, asubuhi jua liko chini, na mawingu hupita. Vituo vya mvuke wa ardhini vya Olkaria, kwa upande mwingine, hufanya kazi usiku na mchana na kutoa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wao. Kwa hiyo megawati 50 za jua na megawati 50 za mvuke hazilingani. Kiongozi anapotangaza mradi wa megawati kadhaa, mwananchi aulize pia yuniti ngapi zitatoka kwa mwaka, na saa ngapi.

Saa ndizo zenye uzito zaidi. Matumizi ya umeme Kenya hufika kilele kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa na vifaa. Mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Wakati huo paneli zote za Garissa zimelala. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini umeme usiowekwa kwenye betri au chombo kingine cha akiba hauna kesho: ni lazima utumike dakika ile ile unapozalishwa. Kituo cha Garissa kilijengwa bila betri.

Tana: bwawa kama ghala

Mto Tana, unaopita kando ya mji wa Garissa, una akiba hiyo. Juu yake kuna mabwawa matano: Kindaruma, lililoanza kutoa umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa pamoja yana uwezo wa karibu megawati 600. Umememaji una sifa ambayo jua halina: mlango unafunguliwa na umeme unapatikana ndani ya dakika chache, saa yoyote unapohitajika.

Udhaifu wake ni mvua. Juni 2009, katikati ya ukame, kituo cha Masinga kilisimamishwa kwa sababu maji yalikuwa yameshuka mno, na taifa likakimbilia dizeli ya dharura. Mvua zikizidi nazo, bwawa likijaa, maji humwagika juu ya kingo na kuteremka. Aprili na Mei 2024 wakazi wa Garissa na wa Madogo, ng'ambo ya mto, waliona nyumba, mashamba na barabara ya Nairobi zikifunikwa na maji. Mabwawa hayasababishi mvua, lakini yanaamua kwa sehemu maji yatafika lini kwa watu wa chini. Umeme unakwenda Nairobi na Mombasa, na mafuriko yanakuja Garissa, Bura na Garsen. Anayeuita umememaji rahisi ni lazima aweke hasara hiyo kwenye hesabu.

Hata hivyo jua na Tana vinafaana kuliko wengi wanavyojua. Laini ya kilovolti 132 inayounganisha Garissa na gridi inapitia Mwingi hadi Kindaruma, kwenye mabwawa yale yale. Kila yuniti inayotoka Raya saa sita mchana ni maji ambayo wahandisi wanaweza kuyaacha Masinga hadi jioni. Na ukame unaokausha bwawa kwa kawaida huja na anga nyeupe isiyo na wingu, yaani jua jingi. Pale maji yanapopungua, jua linazidi. Kwa hiyo vyanzo hivi viwili vinafaa kuendeshwa pamoja, kimoja kikishika mchana na kingine kikishika jioni.

Dizeli na bei ya lori

Kabla ya laini hiyo ya Kindaruma kukamilika katikati ya miaka ya 2010, mji wa Garissa wenyewe uliishi kwa jenereta. Dizeli si adui asiye na wema. Inawekwa haraka, haijali usiku wala wingu, na hospitali yenye mgonjwa kwenye oksijeni hailali bila jenereta uani. Shida ni hesabu yake.

Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban yuniti 10. Injini ya jenereta hugeuza theluthi moja hivi kuwa umeme, na iliyobaki inatoka kama joto na mlio. Tuseme unapata yuniti tatu na nusu kwa lita. Ikiwa lita ni shilingi 170, mafuta peke yake yanafanya yuniti moja igharimu karibu shilingi 49, kabla ya kumlipa fundi, kununua vipuri au kulipia lori. Umeme wa jua wa Garissa ulikubaliwa kuuzwa kwa Kenya Power chini ya senti 6 za dola kwa yuniti. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo haifiki shilingi 8.

Mkazi wa Mandera haoni tofauti hiyo moja kwa moja, kwa sababu bei ya stima ni moja kwa nchi nzima. Gharama ya mafuta hugawanywa kwa wateja wote kupitia tozo ya mafuta kwenye bili. Ni utaratibu wa haki, na haufai kuondolewa. Lakini maana yake ni kwamba mkazi wa Kisumu na wa Mombasa naye analipia lori la mafuta la kwenda Mandera, na kwa hiyo kila Mkenya ananufaika dizeli hiyo ikipungua.

Kuna pia suala la hewa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kabonidayoksaidi, yaani karibu gramu 770 kwa yuniti kwa hesabu yetu ya juu. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilipopima maisha yote ya kila chanzo, kuanzia kiwandani hadi kuvunjwa, lilipata kwa wastani gramu 820 kwa makaa ya mawe, 48 kwa sola kubwa, 38 kwa mvuke wa ardhini, 24 kwa umememaji na 11 au 12 kwa upepo. Takwimu hizo zinagusa mfugaji wa Kaskazini Mashariki kuliko wengi duniani. Amechangia kidogo sana kuchafua anga, na ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, uliangamiza mifugo yake.

Makaa ya mawe yalikaribia sana kuwa jirani. Kituo cha megawati 1,050 kilipangwa Lamu, kaunti inayopakana na Garissa upande wa Ijara. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira ilikuwa na upungufu.

Mvuke, upepo na waya unaopita juu

Kenya ilikuwa ya kwanza Afrika kujenga kituo kikubwa cha mvuke wa ardhini, Olkaria, mwaka 1981. Leo mvuke huo unatoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi. Lakini joto hilo liko Bonde la Ufa, ambako ukoko wa dunia umechanika. Mji wa Garissa unaufaidi kwa waya tu. Mandera na Wajir haziufaidi kabisa, kwa kuwa waya haujafika.

Upepo nao una mahali pake. Kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, karibu na Ziwa Turkana, upepo wa mashariki hubanwa na kuongeza kasi karibu mwaka mzima. Hapo, Loiyangalani, mitambo 365 ya upepo ina uwezo wa megawati 310. Mitambo hiyo ilikamilika ikasimama zaidi ya mwaka ikisubiri laini ya kuupeleka umeme Suswa, na ikaanza kutumika Septemba 2018. Somo lake ni kubwa: kituo bila waya ni chuma tu.

Na waya nao hauna maana kama haushuki. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 za umememaji wa Ethiopia kupitia laini yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Inapita Marsabit, Samburu na Isiolo, juu ya manyatta yasiyo na taa. Mtu anaweza kudhani ni ukatili. Sababu ni ya kifizikia: laini hiyo hubeba mkondo mnyoofu wa kilovolti 500, unaofaa sana kwa safari ndefu kwa sababu upotevu wake njiani ni mdogo. Majumbani tunatumia mkondo geu. Ili kuushusha umeme huo katikati ya njia, ni lazima kujenga kituo kizima cha kuubadilisha, na gharama yake ni ya mabilioni. Laini ya namna hiyo imejengwa kwa ajili ya miisho yake miwili.

Hesabu ya mfugaji

Gridi peke yake haitaifikia kila manyatta. Garissa, Wajir na Mandera zina eneo la takriban kilomita za mraba 127,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu milioni 2.5. Ni kama watu 20 kwa kilomita ya mraba. Kuvuta nguzo kilomita 60 kwa ajili ya kijiji cha nyumba mia mbili kunagharimu kuliko paneli na betri za nyumba hizo zote.

Mfugaji wa huku ana busara iliyotangulia wahandisi. Hafugi mnyama mmoja. Ngamia anavumilia kiu na kutoa maziwa wakati wa kiangazi, mbuzi anazaana upesi baada ya ukame, ng'ombe ana bei nzuri malisho yakiwepo. Hakuna mwenye akili anayeuza wote abaki na aina moja, hata iwe bora kiasi gani. Mfumo wa umeme ulio imara hujengwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Kwa Kaskazini Mashariki mchanganyiko huo una ngazi tatu.

Miji mikubwa inahitaji gridi, na laini ya kutoka Garissa kwenda Wajir isibaki kwenye ramani za mipango. Garissa nayo isitegemee laini moja. Paneli za kituo kikubwa hufuata mapigo ya gridi, na gridi ikizimika vifaa vyake hujizima pia, ili fundi aliye juu ya nguzo asiuawe na umeme ambao hakuutarajia. Gridi ya taifa ilipozimika usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Betri kubwa kando ya kituo cha Raya, pamoja na vifaa vinavyoweza kuanzisha mapigo yake vyenyewe, zingeupa mji nafasi ya kujisimamia, na zingepeleka jua la mchana kwenye saa mbili za usiku. Bei ya betri za lithiamu imeshuka kwa zaidi ya asilimia 85 tangu 2010. Lililokuwa ndoto wakati kituo kinabuniwa sasa ni suala la bajeti.

Miji midogo kama Elwak, Takaba na Rhamu inahitaji gridi ndogo za sola na betri, jenereta ikibaki akiba ya siku za mawingu. Mradi wa sola nje ya gridi, KOSAP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150, ulikusudiwa hasa kaunti 14 za aina hii, tatu hizi zikiwemo.

Ngazi ya tatu ni kisima, na hapa jua halina mpinzani. Kuvuta lita 1,000 za maji kutoka mita 150 chini ya ardhi kunahitaji chini kidogo ya yuniti moja, ukihesabu na upotevu wa pampu. Lita hizo zinanywesha ngamia kumi wenye kiu. Kwa dizeli, hiyo ni gharama ya shilingi arobaini hivi kila mara, na siku lori halikuja, mifugo inasimama kwenye birika kavu. Pampu ya sola haihitaji hata betri. Inavuta maji mchana na kuyajaza tangi, na tangi lililoinuliwa linatoa maji usiku kucha kwa uzito wake tu. Mama wa maziwa ya ngamia anaweza kufanya vivyo hivyo: friji igandishe barafu jua likiwa kali, na barafu hiyo ilinde maziwa hadi gari la alfajiri la kwenda Eastleigh, Nairobi.

Kinachoua miradi hii mara nyingi si jua. Ni waya uliolegea usio na fundi, betri iliyonunuliwa kwa bei ya chini na kuzimika mwaka wa pili, na kamati ya kisima isiyoweka fedha ya matengenezo. Kijana wa Dadaab au Habaswein aliyefundishwa kupima volteji na kubadilisha inveta anafanya kazi ya maana kuliko paneli mia zilizofungwa na kuachwa.

Kwa hiyo msomaji, mradi wa stima ukiletwa kwenye kikao cha umma cha kaunti yako, nenda, na uulize kwa sauti: yuniti ngapi kwa mwaka, saa ngapi za siku, nani atautengeneza mwaka wa tano, na fedha zake ziko wapi. Anayeuza jenereta aeleze bei ya mafuta ya miaka kumi ijayo. Anayeuza sola aonyeshe betri na fundi. Jua la Kaskazini Mashariki halisubiri lori na halipandi bei. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba kisima, zahanati na shule za Wajir na Mandera zinalitumia kabla ya kuagiza pipa jingine la dizeli.